Safu ya kushoto, safu ya kulia: jinsi ya kuandika kadi ya sayari ya mbali

Kadi yangu ya kwanza, yaani maelezo mafupi ya kusimama kwenye sayari inayozunguka nyota nyingine, ilikuwa ya uongo. Niliiandika usiku mmoja baada ya kusoma kwamba mwaka 2013 darubini ya Hubble ilipima rangi ya sayari iitwayo HD 189733 b, ikakuta ni buluu iliyokolea. Buluu! Nikashusha aya nzima ya bahari: mawimbi, povu, upepo wenye chumvi. Mpwa wangu, wakati huo ana miaka 13, akaisoma, akanirudishia na swali moja: "Mjomba, umejuaje kuna maji?"

Sikujua. Ningesoma mistari miwili zaidi ningekuta kwamba ile ni sayari ya gesi, kubwa kidogo kuliko Mshtarii, haina hata ardhi ya kushikilia bahari. Upande wake wa mchana una joto la nyuzi 900 hivi za sentigredi. Buluu yake inadhaniwa kutokana na chembe za silika, mali ghafi ya kioo, zinazotawanya mwanga, huku upepo ukienda zaidi ya kilomita 8,000 kwa saa. Ukweli ulitisha kuliko bahari yangu, na ulikuwa mbele ya macho yangu nikaupita.

Kwa kazi mimi ni mhasibu. Kazini malipo yasiyo na hati hayaingii kitabuni, hata aliyelipa akiapa. Kesho yake nikachukua karatasi, nikaikunja katikati, kushoto nikaandika "Yaliyopimwa", kulia "Niliyoyawaza". Sheria ikawa moja: kila sentensi ya kulia lazima iweze kunyoosha kidole kwenye namba ya kushoto. Tangu hapo nimeandika kadi zaidi ya 40, na hivi ndivyo ninavyozifanya.

Kupata sayari

Usianze na sayari uliyoipenda kwa jina lake au kwa picha uliyoiona. Picha karibu zote unazokutana nazo ni michoro ya wasanii, yaani ni safu ya kulia ya mtu mwingine. Anza na sayari yenye namba. Mimi hutumia NASA Exoplanet Archive, orodha inayotunzwa Caltech, chuo kikuu cha Marekani, kwa niaba ya NASA, ambayo ni bure na haihitaji kujiandikisha. Sayari zilizothibitishwa zilivuka 6,000 Septemba 2025, kwa hiyo utachanganyikiwa kwanza. Safu zina majina ya kifupi kama pl_rade (nusukipenyo, Dunia ikiwa 1), pl_bmasse (tungamo), pl_orbper (siku za kuzunguka nyota), pl_orbsmax (umbali kutoka kwenye nyota), st_teff na st_rad (joto na ukubwa wa nyota yenyewe).

Hizo sita ndizo ninazozitaka. Wengi huacha mbili za mwisho kwa kuwa zinahusu nyota, si sayari. Ni kosa. Rangi ya mwanga, upana wa nyota angani, ukali wa kivuli, vyote vinatoka kwenye nyota. Bila hizo utaweza kusema ndoo ina uzito gani huko, lakini hutaweza kusema inaonekanaje.

Utashangaa ni sayari ngapi mashuhuri zinaanguka mtihani huu. Kepler-452b ilitangazwa mwaka 2015 na vichwa vya habari vikaipokea kama Dunia ya pili. Nusukipenyo chake ni kama 1.6 cha Dunia, lakini tungamo lake halijapimwa. Bila tungamo hujui uvutano, na hujui kama ni mwamba au mpira wa gesi nzito. Proxima b, iliyotangazwa mwaka 2016 ikizunguka nyota jirani yetu kuliko zote, ina shida ya kinyume: tuna kiwango cha chini cha tungamo, zaidi kidogo ya Dunia moja, ila kipenyo hatuna. Zote mbili nimeziweka kando. Anayeanza nampa TRAPPIST-1 e, yaani sayari e ya nyota TRAPPIST-1, na nitaitumia hapa mpaka mwisho, nikiiita e tu.

Namba imetoka wapi

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, na hapa ndipo kadi nyingi hufa.

Namba zilizo kwenye orodha zimekaa mstari mmoja kama ndugu, lakini hazikuzaliwa nyumba moja. Nusukipenyo cha e kimetokana na sayari kupita mbele ya nyota yake na kupunguza mwanga kwa nusu asilimia hivi. Hicho ni kipimo ninachokiamini: kivuli kimeonekana mara nyingi. Tungamo lake limepatikana kwa njia ya ajabu zaidi. Nyota hiyo ina sayari saba zilizobanana, zinavutana, na kila moja huchelewa au huwahi kidogo kupita mbele ya nyota kwa sababu ya majirani zake. Wanaastronomia walihesabu huko kuchelewa na kuwahi kwa miaka, na mwaka 2021 wakachapisha tungamo la zote saba kwa usahihi wa hali ya juu. Ukipata tungamo kwa njia ya zamani, ile ya kupima nyota inavyoyumba, ambayo Michel Mayor na Didier Queloz waliitumia mwaka 1995 kuipata 51 Pegasi b, kumbuka kwamba peke yake hukupa kiwango cha chini tu. Andika "angalau" mbele ya namba.

Kisha kuna pl_eqt, joto la mlingano. Hili ndilo linalowadanganya watu kuliko yote. Si kipimo. Hakuna aliyechomeka kipimajoto. Ni hesabu ya joto ambalo sayari ingekuwa nalo kama ingepokea mwanga na kuurudisha, bila blanketi la hewa. Ukitaka kujua hesabu hiyo inaweza kukosea kiasi gani, ifanyie majirani zetu. Dunia inatoka nyuzi 18 chini ya sifuri. Wastani wetu halisi ni nyuzi 15 juu. Zuhura, ukihesabu na mawingu yake yanavyong'aa, inatoka zaidi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Uso wake una nyuzi 464 juu. Kwa hiyo e ikiandikiwa kelvini 250, yaani nyuzi 23 chini ya sifuri, usikimbilie kuandika barafu. Mimi nilikimbilia.

Ndiyo maana safu yangu ya kushoto siku hizi ina vijisehemu vitatu: yaliyopimwa, yaliyokokotolewa, na yaliyodhaniwa. Kwa e, kwamba inaielekezea nyota yake uso uleule daima, kama Mwezi unavyoifanyia Dunia, kunaingia kwenye yaliyodhaniwa. Ni dhana yenye nguvu, kwa kuwa iko karibu mno na nyota, lakini hakuna aliyeliona hilo. Hewa nayo haijathibitishwa. Darubini ya Webb imeshaitazama, na mwaka 2023 ilikuta jirani yake wa ndani kabisa, b, ana joto linaloashiria mwamba mtupu usio na hewa ya maana. Hilo ni la b, si la e. Usihamishe hati ya mteja mmoja kwenda faili la mwingine.

Habari tamu ziogope. 55 Cancri e iliitwa sayari ya almasi mwaka 2012, kwa kuwa ilidhaniwa nyota yake ina kaboni nyingi kuliko oksijeni. Vipimo vilivyofuata vya nyota hiyo viliidhoofisha dhana yenyewe. Almasi bado zinang'aa kwenye maandishi ya watu.

Mpaka namba iingie mwilini

Namba ikikaa kama namba haifai safu ya kulia. Inabidi uigeuze iwe kitu ambacho mkono au jicho linakijua. Hesabu ni za shule, kalamu inatosha.

Uvutano: gawa tungamo kwa nusukipenyo mara nusukipenyo. Kwa e ni 0.69 gawa kwa 0.92 mara 0.92, unapata 0.82. Ndoo ya lita 20 za maji ungeibeba kama ya lita 16 na kidogo. Jiwe ukilidondosha kutoka kimo cha kichwa lingechelewa kwa kiasi ambacho jicho linahisi bila kujua kwa nini. Sentensi yangu ya kwanza kuhusu hili ilikuwa "ningeruka kama swala". Futa. Kwa 0.82 huruki kama swala. Unapanda ngazi ukiwa na nafuu, basi.

Mwaka: siku 6.1. Mtu mwenye miaka 30 ya kwetu angekuwa na miaka karibu 1,800 ya huko. Inafurahisha, lakini niliitoa kwenye kadi. Sayari ikielekeza uso mmoja kwa nyota, mwaka huwezi kuusoma kwenye nyota hiyo: haichomozi wala haitui.

Upana wa nyota angani: gawa nusukipenyo cha nyota, Jua likiwa 1, kwa umbali wa sayari, umbali wa Dunia na Jua ukiwa 1. Kwa e ni 0.119 gawa kwa 0.0293, unapata 4. Nyota yao ina upana mara nne wa Jua letu, zaidi kidogo ya digrii mbili. Nyoosha mkono wako, simamisha kidole gumba: upana wake ni karibu digrii mbili. Jua letu kidole hicho hulifunika na nafasi kubwa ikabaki. Huko kingeifunika nyota kwa shida.

Sasa kivuli, jambo nililolipata kwa bahati nikichezea kidole changu juani. Inua kidole mita moja juu ya ardhi. Kwa Jua letu, doa jeusi la kidole cha sentimita moja na nusu hufika umbali wa mita moja na nusu hivi kabla ya kuyeyuka. Nyota ikiwa na upana mara nne, doa hilo linakufa sentimita 40 tu kutoka kwenye kidole. Maana yake vivuli vya huko vina kingo laini, na kivuli cha kitu chembamba hakifiki chini kabisa. Hakuna msanii niliyemwona akichora hili.

Rangi: usiandike "jua jekundu kama damu". Nyota hiyo ina kelvini 2,566. Waya wa balbu ya zamani ya kawaida ulikuwa na kelvini 2,700 hivi. Kwa hiyo waza chumba kilichowashwa balbu ya waya, iliyofifia kidogo: njano inayoelekea chungwa. Sehemu kubwa ya nishati yake ni infraredi, ambayo jicho halioni ila ngozi inahisi. Ungehisi joto kuliko unavyoona mwanga.

Pa kusimama

Kosa langu la pili kubwa lilikuwa zuri mno, ndiyo maana lilinichukua wiki tatu kuliacha.

Jirani wa ndani wa e ni d. Zinapokaribiana kabisa zinakuwa na kilomita milioni moja na kidogo kati yao, na d ina kipenyo cha kilomita 10,000 hivi. Piga hesabu: d ingeonekana na upana unaozidi kidogo wa Mwezi wetu. Nikaandika mwezi mpevu wa rangi ya chungwa ukining'inia juu ya vilima. Mpwa wangu, sasa amekua na swali limekua naye, akachukua machungwa mawili na taa ya mezani.

"Mjomba, d iko ndani, si ndiyo? Ikiwa karibu zaidi inakuwa katikati yetu na nyota. Sasa upande unaotutazama unapata mwanga wapi?"

Haupati. Wakati wa ukubwa wake d inatugeuzia mgongo wenye giza. Haiwezi kuwa mpevu, ni mwandamo. Na kwa kuwa mfumo huo umelala bapa mno, d ingepita mbele ya nyota yenyewe: duara jeusi, robo ya upana wa nyota, likikatiza kila baada ya siku 12. Nilipiga hesabu ya mwendo nikapata dakika 40 hivi tangu linapoiuma nyota mpaka linapoiachia. Nilipoteza mwezi nikapata kupatwa kwa nyota.

Mwezi mpevu upo, ila ni wa f, jirani wa nje. Inapokuwa karibu zaidi iko mkabala na nyota, imewaka uso mzima, na upana wake nao unazidi kidogo wa Mwezi wetu. Hurudi hapo kila baada ya siku 18, na ikienda upande wa pili wa nyota hupungua upana mara saba. Lakini mkabala na nyota maana yake ni upande wa usiku. Mtu aliyesimama mchana haioni hapo kamwe.

Kwa hiyo chagua mahali pa kusimama kabla hujaandika neno, uandike juu ya kadi, na usihame. Nilitaka vyote, d ikipita na f ikiwaka, na msomaji makini angeniuliza nina miguu mingapi. Sentensi ya f niliikata kwa uchungu nikaifanyia kadi yake.

Maneno

Kiswahili kinakusaidia na kinakutega. Ukitumia -nge- kila sentensi, "ningeona, ungehisi, lingeanguka", msomaji huchoka kabla ya aya ya pili. Mimi hutumia -nge- wakati wa hesabu tu. Kwenye safu ya kulia, mradi kichwa kimesema "Niliyoyawaza", naandika kana kwamba nipo.

Jua ni jina la nyota yetu. Nyota ya wengine naiita nyota, hata sentensi ikipungua utamu. Kukucha na kuchwa havipo huko, kwa hiyo asubuhi, machweo, kutwa, jioni, yote yanahitaji ruhusa. Ila mchana na usiku yanageuka kitu kizuri: si nyakati tena, ni mahali. Unaweza kutembea kutoka mchanani kwenda usikuni.

Pale safu ya kushoto ilipo tupu, usijaze kwa ujanja. Andika kulia mara mbili. Kwa e nina kadi mbili, moja yenye hewa na moja isiyo nayo. Hii ni isiyo nayo.

TRAPPIST-1 e, kundinyota la Ndoo

Yaliyopimwa: umbali, miaka nuru 41 hivi. Nusukipenyo, 0.92 cha Dunia. Tungamo, 0.69 la Dunia. Kuzunguka nyota, siku 6.1. Nyota: kelvini 2,566, nusukipenyo 0.119 cha Jua.

Yaliyokokotolewa: umbali kutoka kwenye nyota, kilomita milioni 4.4 hivi. Uvutano, 0.82. Mwanga inaopokea, 0.65 ya wa Dunia. Joto la mlingano, nyuzi 23 chini ya sifuri.

Yaliyodhaniwa: uso mmoja kwa nyota daima. Hakuna hewa.

Pa kusimama: upande wa mchana, karibu na mpaka wa usiku.

Niliyoyawaza: Nyota imesimama palepale ilipokuwa nilipofika, kimo cha jua la saa kumi na moja jioni, na haitashuka. Nainyooshea kidole gumba, kinaifunika kwa shida. Mbingu inayoizunguka ni nyeusi tii. Nikiipa nyota mgongo, nyota nyingine zinajitokeza mchana huuhuu. Mwamba wote ni rangi ya chungwa, nami sijui rangi yake mwenyewe, maana hakuna mwanga mwingine wa kuulizia. Naokota jiwe, naliachia. Linasita kidogo, linafika, halisemi kitu. Kivuli changu kimelala kuelekea usikuni: miguuni cheusi, kiunoni kimelegea kingo, kichwani hakipo, kimeyeyuka kwenye mwamba kabla ya kufika. Kisha ukingo wa nyota unamegeka. Duara jeusi linaingia polepole, robo ya upana wake, halina alama wala mng'ao. Huyo ni jirani, amenipa mgongo. Nahesabu dakika. Anapotoka upande wa pili kivuli changu hakijasogea hata unywele.

Kadi hiyo ilipita kwa mpwa wangu na swali moja tu, la "unywele". Nilimwonyesha mstari wa uso mmoja daima, akakubali, kisha akaweka alama ya penseli pembeni kwa kuwa mstari wenyewe uko kwenye yaliyodhaniwa.

Andika tarehe nyuma ya kadi. Webb bado inaitazama e, na siku hewa ikithibitishwa mbingu yangu nyeusi itabidi itoke. Mstari huo pia niliuandika kwa penseli.